Gold Star, Triumph na udongo: pikipiki ya mbio inarudishwa wapi?

Mtu akiniletea BSA Gold Star, pikipiki ya zamani ya Kiingereza, iliyowahi kukimbia kwenye udongo, kabla sijagusa bolti hata moja namuuliza anataka irudi kuwa ya siku ipi. Wengi hunitazama tu. Wamezoea kwamba kufufua pikipiki ya zamani ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani: rangi ile ile, kromu ile ile, nembo pale pale. Kwa pikipiki ya barabarani sina ubishi. Ya mbio ni habari nyingine. Ile iliyotoka kiwandani ilitoweka siku mwenyewe aliposhika msumeno akakata vishikizo vya taa na madigadi, akang'oa breki ya mbele, akatia tangi dogo. Kilichobaki ni kazi ya mikono ya watu waliokuja baadaye, na hiyo ndiyo tunayoihifadhi.

Niwaeleze kwanza mchezo wenyewe. Flati traki ni mbio za Kimarekani. Uwanja ni wa udongo, bapa, umezunguka kama yai, mara nyingi wa nusu maili au maili nzima, na kona zote ni za kushoto. Kwenye aina yake iitwayo TT ndiko utakuta kona ya kulia na tuta la kuruka. Dereva anaingia kona pikipiki imelala, gurudumu la nyuma linateleza kuelekea nje, usukani umegeukia kulia ilhali yeye anakwenda kushoto, na mguu wa kushoto unaburuzwa chini ukiwa umevalishwa soli ya chuma. Kwenye viwanja hivyo vya yai, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 breki zilikatazwa. Ukitaka kupunguza mwendo, unaachia mafuta na kuitupa pikipiki upande.

Pikipiki za Kiingereza zilifikaje huko? Kwa mlango wa kanuni. AMA, chama cha pikipiki cha Marekani, kiliziruhusu injini zenye valvu za pembeni, kama za Harley-Davidson, zifike cc 750, lakini zenye valvu za juu zikawekewa kikomo cha cc 500. Waingereza walikuwa na 500 safi tayari. Dick Mann alitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1963 akiendesha BSA na Matchless, akautwaa tena 1971 akiwa na BSA. Gary Nixon alishinda 1967 na 1968 na Triumph, na Gene Romero akafuata 1970, naye kwa Triumph.

Gold Star ndiyo inayonishika zaidi, na si kwa sababu tu ilitengenezwa Small Heath, hapa hapa Birmingham ninapofanyia kazi. Jina lake lina asili ya mbio: mwaka 1937 mwanambio Wal Handley alizunguka uwanja wa Brooklands kwa BSA kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa, akapewa pini ya nyota ya dhahabu. Injini ya cc 500 ina silinda moja, pistoni yenye upana wa milimita 85 inayopanda na kushuka milimita 88, silinda na kichwa vya aluminiamu. Kila moja ilitoka kiwandani na karatasi ya kipimo chake cha nguvu. Wamarekani waliichukua injini hiyo wakaitia kwenye fremu isiyo na shokamzoba za nyuma, kwa kuwa kwenye uwanja laini wengi walitaka kuusikia udongo moja kwa moja chini yao. Kule California, fundi C. R. Axtell alipima jinsi hewa inavyopita kwenye vichwa vya Gold Star, akavichonga njia zake, na dereva Sammy Tanner akaenda kushinda navyo uwanja wa Ascot, Gardena.

Kwa hiyo kichwa cha Gold Star kikifika mezani kwangu, kitu cha kwanza ni kutia kidole kwenye njia ya hewa. Ya kiwandani ina ukuta wa kumiminwa, wenye chembechembe. Iliyochongwa na fundi wa mbio ni nyororo, na pembeni mwa mwongozo wa valvu utahisi pale patasi ya mashine ilipogeuka. Hapo sijazi wala sisugui. Ile ni hati yenye saini. Nimewahi kuona vichwa vya namna hiyo vilivyopigwa mchanga na kung'arishwa hadi vinamulika kama vya dukani, na sikufurahi hata kidogo.

Kanuni zilipobadilika kila injini ikaruhusiwa kufika 750. Injini kubwa ya silinda mbili ya Triumph ilikuwa ya 650 tu, na ili 750 ikubaliwe kuwa pikipiki ya kuuzwa kwa umma ilibidi zipatikane 200. Zikapanuliwa huko huko Marekani mwaka 1970 kwa silinda na pistoni za mtengenezaji aitwaye Routt: upana ukatoka milimita 71 ukawa 76. Zilipewa alama ya T120RT. Hapa wanunuzi wawe macho. Herufi moja ya ziada, ile T ya mwisho, kwenye boksi la injini inapandisha bei sana, na kugonga herufi ni kazi ya dakika moja. Mimi huangalia kingo za herufi kwa lenzi: iliyogongwa zamani kingo zake zimelainika na uchafu umekaa ndani.

Enzi hiyo ndiyo ya fremu za mafundi wa Marekani, Trackmaster, Champion, Redline. Injini ya Triumph kutoka Meriden, Uingereza, fremu ya California, mikono ya mbele ya Ceriani kutoka Italia, magurudumu yote mawili ya inchi 19. Breki ya nyuma iliporuhusiwa, pedali yake ilihamishiwa kulia, maana kwenye Triumph ilikuwa kushoto, na mguu wa kushoto uko chini unaburuzwa. Ukikuta pikipiki inayodaiwa kuwa ya mbio na pedali ya breki bado iko kushoto, uliza maswali.

Nyingi ya fremu hizo zilipakwa nikeli. Watu huniomba niweke kromu kwa sababu inang'aa zaidi, nakataa. Kazi ya kupaka kromu inaweza kuacha hidrojeni ndani ya kromoli, chuma kigumu cha fremu hizi, na chuma kikawa chepesi kuvunjika. Nikeli ni salama zaidi, na juu yake ufa unaonekana mapema kuliko chini ya rangi nene. Kwanza nasafisha kila kiungo, napaka dawa nyekundu inayopenya, nafuta, kisha napuliza poda nyeupe. Palipo na ufa, mstari mwekundu unajitokeza wenyewe, mara nyingi chini ya shingo ya usukani.

Injini ni habari nyingine, maana hizi pikipiki hazirudishwi ili zikae ukumbini. Marekani zinakimbia chini ya AHRMA, chama cha mbio za pikipiki za zamani, na hapa Uingereza pia kuna mbio zenye madaraja ya pikipiki za zamani. Chukua injini ya silinda mbili ya BSA, A65. Upande wa kulia krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, inakaa kwenye bushi, pete laini ya kuzungukia, na oili ya krenki nzima inapitia hapo. Bushi ikilika, oili inavuja kabla haijafika kwenye konrodi ya kushoto, mkono unaounganisha pistoni na krenki, na siku moja konrodi hiyo inatoboa boksi la injini. Dawa yake inajulikana: beringi ya sindano badala ya bushi, na oili iingizwe kwa ncha ya krenki. Wako wanaosema kufanya hivyo ni kuichafua asili. Siwafuati. Boksi la asili likitoboka halirudi, na mabadiliko hayo hayaonekani kwa nje.

Magneto ya Lucas, kifaa kinachotoa umeme wa cheche, nayo ina hila yake. Waya wa ndani ulifungwa kwa utomvu ambao ukizeeka na kupata joto unalainika. Pikipiki inawaka vizuri asubuhi, inakimbia mizunguko michache, kisha moto unakatika. Ikipoa, inawaka tena. Usihangaike na kabureta. Peleka magneto ikasukwe upya na ibadilishwe kondensa.

Kwa anayeanza: tafuta spana za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, kabla ya kitu chochote. Namba iliyoandikwa juu yake ni unene wa bolti, wala si upana wa kichwa, na spana ya milimita itakula kona za nati ambazo zimedumu zaidi ya nusu karne. Na pikipiki ikiwa imelala miezi, usiipige kiki moja kwa moja. Oili iliyo kwenye tangi lake hushuka taratibu ikajaa chini ya krenki. Fungua kizibo cha chini, imwage yote, jaza oili tangini kwa kipimo chake, sukuma kiki polepole plagi zikiwa zimetolewa hadi uone oili inarudi tangini, ndipo uwashe.