Mvuto wa Mshtarii ndio unaozifukuza asteroidi za Trojani

Kila darubini ikielekezwa Mshtarii mbele ya watu hapa Nairobi, na wakaambiwa kuna asteroidi zinazotumia njia ileile ya sayari hiyo kuzunguka Jua, swali huwa moja: “Sasa itazimeza lini?” Jibu wanalopewa mara nyingi, kwamba “kwa sasa ziko mbali,” ni baya kuliko swali lenyewe, maana linawaacha wakingojea ajali.

Hakuna ajali inayongojewa. Asteroidi hizi, ziitwazo za Trojani, ziko katika makundi mawili: moja limetangulia Mshtarii kwa nyuzi 60, penye nukta iitwayo L4, na lingine linafuata nyuma kwa nyuzi 60, penye L5. Jua, Mshtarii na L4 ni pembetatu yenye pande sawa, kila upande takriban kilomita milioni 778. Mshtarii na asteroidi hizo humaliza mzunguko mmoja wa Jua kwa miaka 11.9 hivi. Mwanahisabati Lagrange alizipata nukta hizo kwa hesabu mwaka 1772. Asteroidi ya kwanza kutambuliwa huko, 588 Achilles, ilionekana mwaka 1906, mwanaastronomia Max Wolf alipoipiga picha akiwa Heidelberg, Ujerumani.

Kosa la watu ni kudhani kwamba kuvutwa ni kusogezwa karibu. Kitu kinachozunguka Jua hakiendi hivyo. Chukua asteroidi ya L4 iliyochelewa kidogo, Mshtarii ikawa inaikaribia kutoka nyuma. Sayari inaivuta kinyume na mwendo wake. Asteroidi inapoteza nishati, inashuka kwenye mzunguko mdogo ulio karibu zaidi na Jua, na kadiri kitu kinavyolikaribia Jua ndivyo kinavyolizunguka upesi. Basi inachomoka mbele na kuiacha Mshtarii. Imevutwa nyuma, ikaenda mbele. Ndiyo maana tafadhali tuache mfano wa matatu mbili zinazofuatana Thika Road: gari likivutwa nyuma hupunguza mwendo, na hapo msikilizaji anapotea kabisa.

Ikishapita nyuzi 60, mvuto wa Mshtarii unafifia na zamu ni ya Jua. Jua halikai kitovuni. Lenyewe na Mshtarii huzunguka kitovu kimoja cha uzito, kilicho kama kilomita 742,000 kutoka kiini cha Jua, nje kidogo tu ya uso wake. Kwa kuwa Jua limekaa upande wa pili wa kitovu hicho, linaivuta asteroidi mbele kidogo. Inapata nishati, inapanda mzunguko mpana, inapunguza kasi, inarudi. Kwenda na kurudi huko huchukua takriban miaka 150. Ukichora njia yake ukiwa unazunguka pamoja na Mshtarii, utapata umbo la kiluwiluwi, kichwa kikielekea kwenye sayari na mkia ukirefuka upande wa pili. Mpango huu unashika kwa sababu uzito wa Jua ni takriban mara 1,047 ya ule wa Mshtarii, na kinachohitajika ni mara 25 tu. Baadhi ya mawe yanayoyumba kupita kiasi huponyoka, lakini hayo ni machache na huchukua muda mrefu mno.

Asteroidi hizi si miezi ya Mshtarii. Mwezi Europa uko kilomita 671,000 kutoka kwenye sayari hiyo. L4 iko mbali zaidi ya mara 1,000 ya hapo.

Wala hazijabanana kama kokoto. Zinazojulikana ni zaidi ya 10,000, ila zimetawanyika katika eneo pana ajabu, na nyingine mizunguko yake imeinama zaidi ya nyuzi 30.

Dhana ya mwisho inawapotezea watu usiku mzima: kwamba kundi linalotangulia huchomoza kwanza. La hasha. Sayari husogea kuelekea mashariki kati ya nyota, kwa hiyo kilichotangulia kiko mashariki zaidi, nacho huchomoza baadaye. Mshtarii ikiwa mkabala na Jua, yaani Dunia ikiwa katikati yao, huchomoza Nairobi Jua linapotua, yapata saa kumi na mbili na nusu jioni. Eneo la L4 liko kama nyuzi 70 mashariki yake, wala si 60, kwa sababu tunatazama kutoka Duniani na si kutoka kwenye Jua. Pima ngumi saba za mkono ulionyooshwa. Litachomoza yapata saa tano usiku.

Kwa macho hutaona kitu. Hata 624 Hektor, kubwa kuliko zote, hufikia mng'ao wa daraja la 14 hivi, kipimo ambacho namba ikiwa kubwa mwanga ni hafifu. Toka kwenye taa za jiji, nenda upande wa Magadi, ukiwa na darubini ya kioo cha milimita 250 au zaidi, na mahali pake upatafute kwanza kwenye programu ya Stellarium. Piga picha eneo hilo usiku wa leo na kesho saa ileile. Asteroidi yenyewe ikiwa mkabala na Jua, nukta iliyohama kwa takriban robo ya upana wa Mwezi ndiyo hiyo.