Ratiba ya Saiti: Usiandike Tarehe, Andika Muda na Utegemezi

Ratiba nyingi za ujenzi ninazoletewa kukagua hapa Dodoma zina kasoro ileile: kila kazi imeandikiwa kwa mkono tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ukizitazama zinapendeza. Lakini mvua ikinyesha siku mbili na uchimbaji wa msingi ukasimama, kuta zinabaki palepale kwenye ratiba, kana kwamba zitajengwa bila msingi.

Mimi natumia Microsoft Project, programu ya kompyuta ya kupanga ratiba. Kwanza tazama chini kushoto mwa dirisha. Tangu toleo la 2010, programu hii hufunguka ikiwa kazi mpya zinapangwa kwa mkono. Badilisha hapo ili programu ipange yenyewe, kabla hujaandika kazi hata moja. Baada ya hapo jizuie kugusa safu ya tarehe. Ukiandika tarehe ya kuanza, programu inaichukua kuwa sharti: kazi hii isianze kabla ya siku hiyo. Ukiuburuta mstari wa kazi kwa kipanya, ni yaleyale. Kama mkataba una siku ya makabidhiano, weka tarehe ya ukomo (Deadline). Itaonekana kama mshale wa kijani, haitasukuma kazi yoyote, na ukichelewa utaona alama nyekundu.

Kalenda ndiyo inayostahili muda wako. Ile inayokuja na programu inafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa nane kwa siku, na haijui Muungano wala Nane Nane. Saiti zetu nyingi zinafanya kazi Jumamosi. Tengeneza kalenda mpya, weka sikukuu zetu, kisha nenda kwenye taarifa za mradi uichague iwe kalenda ya mradi. Hatua hii ya mwisho wengi wanairuka, na kalenda waliyoihangaikia inabaki haitumiki. Pia, ukiongeza saa za kazi ziwe 9, rekebisha na mipangilio ya saa kwa siku. Usipofanya hivyo, kazi ya siku 5 itaisha katikati ya siku ya tano na kila kinachofuata kitaanzia mchana.

Mvua za Dodoma huja kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Sifungi miezi hiyo yote. Kazi za udongo nazipa kalenda yake yenye siku pungufu kila wiki. Plasta ya ndani haihusiki.

Sasa utegemezi, yaani kazi ipi inasubiri ipi, na hapa zege ndilo linalowaumbua wengi. Tuseme slabu imemwagwa Alhamisi na mhandisi anataka mirunda, yaani nguzo zinazoishikilia, ikae siku 14. Ukiandika 14d kama muda wa kusubiri, programu inahesabu siku za kazi peke yake, kwa hiyo kwa kalenda ya Jumatatu hadi Jumamosi mirunda itatoka Jumatatu ya wiki ya tatu. Lakini zege haliendi kanisani Jumapili, linaendelea kukomaa. Andika 14ed, siku za mfululizo, na mirunda itatoka Ijumaa. Umeokoa siku mbili za kazi, na kwenye jengo la ghorofa hesabu hiyo inajirudia kila slabu.

Kazi ya kumwagilia zege maji usiifiche ndani ya muda wa kusubiri. Ipe mstari wake, 7ed, na mtu wa kuisimamia. Kwa upepo na jua la hapa kati ya Juni na Oktoba, uso wa zege hukauka haraka mno, na boza la maji lazima liagizwe mapema. Kazi isiyoonekana kwenye ratiba haipewi bajeti, nami nimeona nyufa zilizotokana na hilo.

Ukimaliza kuunganisha, hifadhi ratiba ya awali (Baseline), ya kulinganishia baadaye, kabla saiti haijaanza. Kisha kila wiki uliza swali moja. Usiulize asilimia, kwa sababu kila fundi atakwambia tisini. Uliza hivi: "Mzee, plasta imebaki siku ngapi?" Akisema nne, andika 4 kwenye muda uliobaki. Kazi zinazofuata zitasogea zenyewe, na pengo kati ya tarehe mpya na zile za awali ndilo la kumpelekea mwenye mradi siku hiyohiyo.