Tambi kwa uyoga, na mgonjwa wa sukari anayeacha dawa

Akina mama wengi wa hapa Tanga wameanza kupika tambi kwa uyoga mahali pa nyama. Chakula ni kizuri. Tatizo ni maneno yanayotembea nacho, kwamba ukila uyoga sukari inapona. Kliniki tunawapokea walioyaamini, na wengi wanafika wamechelewa.

Sahani hii ina lishe gani?

Uyoga mbichi gramu 100 una kalori 22 hivi na protini gramu 3. Zaidi ya asilimia 90 ni maji. Una vitamini za kundi B na potasiamu. Tambi zilizochemshwa gramu 100 zina kalori kama 158 na wanga gramu 31. Kijiko kikubwa cha mafuta ni kalori 120, na tui zito la nazi linaongeza mafuta juu yake. Uyoga wenyewe ni mwepesi, sahani inakuwa nzito kwa tambi na mafuta.

Lakini tambi hizi hazina sukari, si zile za futari.

Za futari tunazitia sukari na iliki, kweli. Hizi za chumvi nazo ni wanga, na wanga tumboni hugeuka kuwa sukari. Sahani ya kujaza, gramu 250 hivi, ina wanga zaidi ya gramu 75. Sukari yake hupanda taratibu kuliko ya mkate mweupe, lakini hupanda.

Uyoga unatibu kisukari?

Hapana. Hauponyi ukiupika, hauponyi ukiusaga unga, hauponyi ukiuziwa kwenye kichupa chenye picha ya mzee anayetabasamu. Ni mboga isiyopandisha sana sukari, basi. Kula, na dawa zako meza vilevile.

Mbona tangu nianze uyoga nimepima mara mbili, imesoma 6?

Imesoma 6 kwa sababu dawa zinafanya kazi, na huenda pia umepunguza wali na chai ya sukari. Hongera kwa hilo. Ila namba nzuri si ruhusa ya kuacha dawa. Anayepunguza dozi ni daktari akishaona vipimo vyako, si jirani wala mwenye kichupa. Na wewe unayechoma insulini, nisikilize sana: kuikatisha kunaweza kukuua ndani ya siku chache.

Nimeacha dawa na sioni shida yoyote. Si nimepona?

Hujapona. Sukari ikipanda taratibu mwili unaizoea, huku figo, macho na mishipa ya fahamu vinaharibika. Mama anafika, anavua kandambili, anafungua kitambaa alichofungia dole gumba. Ndani majani yaliyotwangwa yamegandamana na usaha. Ninapobonyeza pembeni ya kidonda yeye anaendelea kuzungumza na mwanawe, hasikii kitu. Dawa aliacha zamani. Kidonda kile kingeletwa kikiwa mchubuko, tungekisafisha, tukarekebisha sukari, akarudi nyumbani na mguu wake salama. Kwa hiyo naomba tuelewane: kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari hakisubiri. Hakisubiri Jumatatu, hakisubiri mjomba aje na mizizi, hakisubiri mpaka kianze kuuma. Kije siku hiyohiyo, hata kama hakiumi. Kutokuuma ndiko kunakotutia hofu.

Na kama ni kiu kali, mkojo wa kila mara, kutapika, kuhema kwa kasi au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Basi niipikeje?

Gawa sahani. Nusu iwe uyoga na mboga, mchicha au bamia au biringanya. Robo iwe tambi. Robo iwe samaki au kunde, maana protini ya uyoga peke yake ni kidogo. Tambi usiziache zikalainika mno. Uyoga ukaange kwa mafuta kidogo, kitunguu, saumu na nyanya; tui ukilipenda, tumia jepesi. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja kidogo, na hapo hesabu na vile viungo vya pakiti.

Wa kuokota porini je?

Usile usioujua. Kuna sumu za uyoga zisizotoka kwa kuchemsha, na kutapika kunaweza kuanza saa nyingi baada ya kula. Ukitapika nenda hospitali, usikae kunywa maziwa ukingoja. Tumbo likitulia, nenda vilevile.

Niliacha dawa. Naogopa kurudi, nitagombezwa.

Rudi leo, mama. Usianze kumeza dozi mbilimbili ili kufidia. Njoo na kadi yako, pakiti za dawa zilizobaki, na hicho kichupa cha unga wa uyoga nacho kibebe tukione. Viatu utavivua, tutakagua miguu yote miwili.