Davis Bend: tunayoambiwa kuhusu mashamba ya pamba na yaliyotokea kweli

Kila utumwa wa pamba wa Marekani ukitajwa nasikia maneno yaleyale, sasa ngoja nichukue shamba moja tu, Hurricane, pale Davis Bend, kando ya mto Mississippi kwenye jimbo la Mississippi, karibu na mji wa Vicksburg. Lilikuwa la Joseph Davis, kaka yake Jefferson Davis yule aliyekuja kuwa rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga.

Eti mashine ya kuchambua pamba ilipunguza utumwa. Hapana jamani, iliuzidisha! Mashine ya Eli Whitney ya 1793 ilitoa mbegu tu, kulima, kupalilia na kuchuma kote kulibaki mikononi mwa watu, na mbegu zilipoacha kuwa tatizo wenye mashamba wakapanua eka. 1790 watumwa walikuwa kama laki 7, 1860 karibu milioni 4.

Eti kulikuwa na mabwana wema. Joseph ndo hutajwa sana, maana aliwaachia watumwa wake waamue kesi zao wenyewe kwa wenyewe na hakuwakataza kusoma. Sawa, lakini alimiliki watu zaidi ya 300 na uhuru wao uliletwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, sio yeye. Mmoja wao Benjamin Montgomery alinunuliwa akiwa kijana, akatoroka, akarudishwa. Akaja kuendesha duka la pale shambani na akabuni pangaboi la meli za mvuke zinazopita maji mafupi, alafu akanyimwa patenti (hati ya haki ya ubunifu) kwa sababu mtumwa hakuhesabiwa raia.

Eti walipokuwa huru walishindwa kuendesha mashamba. Hili ndo linaniuma zaidi. 1866 Montgomery alinunua Hurricane na Brierfield, shamba la jirani alilokuwa akilitumia Jefferson Davis, kwa dola 300,000, kwa mkopo wa Joseph huyohuyo, mwaka uliofuata mto ukakata njia mpya Davis Bend ikawa kisiwa, na bado 1870 pamba yake ikapata tuzo St. Louis, 1876 ikapata tena Philadelphia. Kilichowaangusha ni mafuriko, bei ya pamba kushuka na riba ya lile deni, na juu ya hapo Jefferson Davis akaenda mahakamani kudai Brierfield, 1878 akapewa. Montgomery alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Mwanae Isaiah, aliyezaliwa mtumwa palepale, akaondoka na ndugu zake na 1887 wakaanzisha Mound Bayou, mji wa watu weusi, upo mpaka leo.