Mwendesha baiskeli wa kulipwa hakimbii kila mara ili ashinde

Watu wengi huamini kwamba kila anayeshiriki Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, anawania ushindi wake binafsi, hivyo anayemaliza nafasi ya 120 ni dhaifu tu. Sivyo. Tangu 2018 kila timu hupeleka waendeshaji wanane, na wengi wao wameajiriwa kumsaidia kiongozi mmoja.

Kazi yenyewe ni ngumu. Msaidizi hurudi nyuma hadi kwenye gari la timu, hujaza chupa za maji mifukoni na hata ndani ya jezi mgongoni, kisha hukanyaga kwa nguvu kulifikia tena kundi na kuwagawia wenzake. Tairi la kiongozi likipasuka, humpa gurudumu lake, pengine baiskeli nzima. Muda mwingi hukaa mbele yake kumkinga upepo. Anayefuata kwa karibu nyuma ya mwenzake huokoa nguvu nyingi sana.

Hata wenye uwezo wa kushinda hupewa jukumu hilo. Mwaka 2012 Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alimwacha kiongozi wake Bradley Wiggins mlimani, akaamriwa kwa redio amsubiri. Akasubiri. Wiggins akatwaa taji, Froome akawa wa pili. Zamu yake ikaja 2013.

Ndiyo maana kwa desturi mshindi hugawana na timu pesa za zawadi. Msaidizi naye huishi kwa mshahara, na anayeifanya kazi hiyo vizuri hutafutwa na timu kubwa hata kama hajawahi kupanda jukwaani.