Abiria Si Mzigo: Saigon Usiku Ukiwa Nyuma ya Pikipiki

Mtu aliyezoea kupanda bodaboda Mombasa, Dar es Salaam au Kampala huichukulia ziara ya usiku ya pikipiki kule Saigon, jiji kubwa la kusini mwa Vietnam, kuwa jambo jepesi. Mazoea yake mengi yatamfaa. Moja litamchoma mguu.

Kwetu magari hupita kushoto. Bodaboda ikisimama ukingoni, ubavu wake wa kushoto ndio unaokuelekea wewe uliye kando ya barabara, nawe unapandia hapo bila hata kufikiri. Ekzosi iko ubavu wa pili, mbali nawe. Vietnam magari hupita kulia. Pikipiki ikisimama ukingoni, ubavu unaokuelekea ni wa kulia, wenye ekzosi iliyotoka kwenye mwendo wa nusu saa. Mwili unafuata mazoea, shavu la mguu linagusa chuma, na ziara imekwisha kabla ya chakula. Watu wa Goma, Bujumbura na Kigali, ambako pia hupita kulia, wana nafuu kidogo hapa.

Kwa hiyo panda na kushuka kushoto kila mara, hata kama itakubidi uzunguke nyuma ya pikipiki. Mwombe dereva aiingize uchochoroni au aigeuze, ili usisimame barabarani ukipepesuka kwa mguu mmoja. Ukiungua, weka mguu chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu na bila dawa ya meno, ambayo kule pia mtu atakuja nayo mbio kwa nia njema. Lengelenge usilipasue. Lifunike kwa kitambaa safi kisichonata.

Ukaaji wenyewe una kanuni zake. Pikipiki nyingi za ziara ni Honda Wave au skuta kama Honda Vision. Wave ina uzito wa chini ya kilo 100, na dereva wako huenda akawa mwanafunzi wa chuo mwenye kilo 50. Ukikikanyaga kwa uzito wako wote kikanyagio cha kushoto, kama mtu anayepanda farasi, pikipiki inalala ubavuni na nyote wawili mnaanguka hata kabla ya kuondoka. Subiri dereva akanyage chini kwa miguu yote miwili na ashike breki, mguse begani, vusha mguu wa kulia juu ya siti, kaa kwanza, halafu ndipo uweke miguu mahali pake. Hakikisha vikanyagio vya abiria vimefunguliwa, kwa sababu hukunjwa na husahaulika.

Magoti yabane karibu na dereva. Saigon pikipiki hupishana kwa upana wa kiganja, na goti lililotanuka ndilo hugongwa na usukani wa jirani. Mkono mmoja ushike chuma kilicho nyuma ya siti, mwingine begani au kiunoni mwa dereva, ila muulize kwanza. Kwenye kona, tazama juu ya bega lake la upande mnaoelekea na mwili utafuata wenyewe. Usijikaze kuegemea upande wa pili kwa hofu, maana huko ndiko kumzuia kupinda. Kwenye taa nyekundu usishushe miguu. Taa nyingi kule huhesabu sekunde kwa namba, na msafara mzima huondoka pamoja ikifika sifuri. Mguu ulio chini wakati huo unakutana na gurudumu la mtu wa nyuma.

Ukitaka apunguze mwendo, sema *từ từ*. Maana yake ni polepole, na limerudiwa vilevile kama letu. Kuita pia hakutakuwa kugeni kwako: Wavietnamu huitana kwa majina ya udugu, *anh* kwa kaka, *chị* kwa dada, *em* kwa mdogo. Dereva aliye mdogo kwako ni *em*, na ukimwita *em ơi* atageuza sikio. Akiwa amekuzidi umri kidogo, mwite *anh* au *chị*.

Sasa mavazi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kampuni nyingi hazifikirii wageni kama sisi. Kofia ngumu ni lazima kwa dereva na abiria katika barabara zote tangu tarehe 15 Desemba 2007. Nyingi utakazopewa ni za nusu kichwa, hazina kioo, na ni ndogo. Tafuta alama ya CR, ambayo ndiyo alama ya ubora wa serikali, kisha funga mkanda hadi vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Mwenye rasta, nywele nyingi za asili au misuko asizifunge utosini. Kofia itakaa juu ya fundo na itaruka ukianguka. Fungia chini, kwenye kisogo. Unapoagiza ziara andika wazi kwamba unahitaji saizi kubwa, na utaje uzito wako pia ili wakupe dereva anayekumudu. Si jambo la aibu, ni hesabu ya breki.

Anayevaa hijabu ajifunge kofia nyembamba ya ndani na kuacha pini nyumbani, maana pini chini ya kofia ngumu huchoma saa nne nzima. Ncha za mtandio ziingie ndani ya nguo. Baibui, dera au kanzu lazima ivaliwe juu ya suruali, na upindo ukusanywe na kukaliwa chini ya mapaja. Mnyororo wa Wave umefunikwa kwa bati pande zote, lakini spoku za gurudumu la nyuma ziko wazi, na kitambaa kikishikwa na spoku hakirudi. Viatu viwe na kamba ya kisigino. Miwani yenye vioo vyeupe itakusaidia kwa vumbi na wadudu. Miwani ya jua usiku ni hatari tupu.

Mkoba uvaliwe kwa kukatiza kifua, uwe mbele yako, katikati yako na dereva. Wezi wa simu wa Saigon nao wako kwenye pikipiki, hupita na kunyakua. Piga picha mkiwa mmesimama, ukiwa umeipa barabara mgongo na simu ikielekea ukutani au uchochoroni.

Tuje kwenye njia. Jiji lilipewa jina la Ho Chi Minh mwaka 1976, lakini wenyeji husema Sài Gòn. Vilevile wilaya zilifutwa rasmi tarehe 1 Julai 2025, lakini dereva ataendelea kusema *Quận 1*, *Quận 4*, *Quận 5*, nami nitayatumia majina hayo. Ziara ya kawaida huchukua saa tatu hadi nne. Jua huzama kati ya saa 11:30 na saa 12:20 jioni mwaka mzima, na foleni ya watu wanaotoka kazini ni nzito hadi karibu saa 1 usiku. Jijini kuna pikipiki zaidi ya milioni 7. Wengi huogopa saa hiyo. Mimi naona mgeni anayeanza ndani ya foleni anajifunza haraka namna mambo yanavyokwenda: mwendo ni mdogo, hakuna anayekata ghafla, na honi haimaanishi hasira, inamaanisha nipo hapa.

Anza Chợ Lớn, Quận 5, mji wa Wachina. Mtaa wa Hải Thượng Lãn Ông ni wa dawa za mitishamba, na harufu yake ya magome, mizizi na mdalasini utaisikia kabla hujauona. Maduka yale hufungwa mapema jioni, ndiyo maana ziara inayouweka mwisho inakupeleka kutazama milango ya chuma. Karibu na sikukuu ya katikati ya vuli, siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda yao ya mwezi, mtaa wa jirani wa Lương Nhữ Học hujaa taa za karatasi na pikipiki hazipiti tena. Shuka utembee.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi soko la maua la Hồ Thị Kỷ, Quận 10. Soko hili halilali. Maua ya Da Lat, mji wa milimani wenye baridi, huteremshwa usiku, na waridi hulazwa chini kwa mafungu yaliyofungwa kwenye magazeti. Njia ni nyembamba na yenye maji, kwa hiyo kanyaga kwa uangalifu. Pembeni kuna vibanda vya chakula cha Kambodia, vya familia zilizokuja kutoka huko.

Kisha simama kwenye makutano ya Nguyễn Đình Chiểu na Cách Mạng Tháng Tám. Hapo mtawa Thích Quảng Đức alijichoma moto tarehe 11 Juni 1963 kupinga namna serikali ya Ngô Đình Diệm, rais wa Vietnam Kusini, ilivyowatendea Wabuddha. Kuna mnara wa kumbukumbu, na usiku huwa na utulivu kuliko mchana. Zima simu, vua kofia.

Baada ya hapo mwombe dereva afuate barabara za Hoàng Sa na Trường Sa, zinazokwenda na mfereji wa Nhiêu Lộc–Thị Nghè. Zamani mfereji huo ulikuwa maji meusi yanayonuka, hadi ukasafishwa na kingo zake kujengwa upya. Leo kuna upepo, watu wanavua samaki, na taa chache za kusimama. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na ziara nyingi ili kupata muda wa mitaa ya Nguyễn Huệ na Bùi Viện. Hizo mbili ni za kutembea kwa miguu. Unaweza kwenda mwenyewe kutoka hotelini bila kulipa mtu, basi usizilipie muda wa pikipiki. Kama muda upo, vuka daraja la Ba Son, lililofunguliwa mwaka 2022, usimame ng'ambo ya Thủ Thiêm utazame jiji kutoka upande wa pili wa mto.

Katikati ya yote haya mtaingia vichochoro, *hẻm* kwa lahaja ya kusini. Anwani yake husomeka kama hesabu: 47/12/3 ni uchochoro unaoanzia namba 47 ya barabara kuu, mchepuo namba 12, nyumba ya 3. Humo watu wanakula, wanafua na kulala milango ikiwa wazi. Ongea kwa sauti ya chini, usipige picha ndani ya nyumba ya mtu.

Chakula ndicho kinachowatatiza wasomaji wengi wa pwani. Nguruwe yuko kila mahali, hata asipoonekana. Mchuzi wa supu nyingi huchemshwa kwa mifupa yake. *Bánh xèo*, ile chapati nyembamba ya manjano, kwa kawaida hujazwa nyama yake pamoja na kamba. *Cơm tấm* karibu ndiyo jina lingine la nyama ya nguruwe ya kuchoma na wali. Hata chaza na kome za kuchoma hupakwa *mỡ hành*, vitunguu vya majani katika mafuta, na neno *mỡ* ni mafuta ya mnyama, ingawa wengi siku hizi hutumia ya mimea. Sentensi ya kukariri ni *Tôi không ăn thịt heo*, sili nyama ya nguruwe. Kusini wanasema *heo*. Neno la kaskazini ni *lợn*. Neno *chay* ni chakula kisicho na nyama, na siku ya 1 na ya 15 ya mwezi wao hupatikana kwa wingi zaidi.

Anayetaka halali kamili aiandikie kampuni siku kadhaa kabla, asisubiri kufika mezani. Msikiti ulio mtaa wa Đông Du, Quận 1, ulijengwa mwaka 1935 na Waislamu kutoka kusini mwa India, na karibu nao kuna migahawa ya halali. Magharibi huingia saa ileile ziara zinapoondoka, kwa hiyo omba uchukuliwe msikitini baada ya sala badala ya hotelini. Ni ombi dogo na hukubaliwa.

Mwenye mzio wa karanga aseme *Tôi dị ứng đậu phộng*, kwani hunyunyizwa juu ya kila kitu. Mtaa wa Vĩnh Khánh, Quận 4, ndio wa konokono na chaza, na ni pazuri kumalizia. Utaletewa pengine *hột vịt lộn*, yai la bata lenye kinda ndani. Kukataa si utovu wa adabu. Juisi ya miwa, *nước mía*, utaijua papo hapo, ila wao hukamulia kichungwa kidogo chachu mahali petu pa ndimu na tangawizi. Kahawa yao ni robusta nzito. Ukiinywa saa 3 usiku, umeamua kutolala.

Dereva asinywe hata tone. Tangu tarehe 1 Januari 2020 kiwango cha kilevi kinachoruhusiwa kwa anayeendesha ni sifuri, na tangu tarehe 1 Januari 2025 kupita taa nyekundu kwa pikipiki ni faini ya dong, sarafu ya Vietnam, milioni 4 hadi 6. Usimharakishe. Akishiriki bia mezani, usipande tena, ita usafiri mwingine kwa Grab, programu ya simu ya kuitia usafiri.

Mvua ni ya Mei hadi Novemba. Waliozoea wana koti la mvua lenye matundu mawili ya vichwa, moja la dereva, moja lako, na dirisha la plastiki mbele ya taa. Mwavuli abiria haruhusiwi kuushika. Mwisho wa mwaka maji kujaa ya mto yakikutana na mvua, mitaa ya chini hufurika. Injini ikizima majini, shuka msukume hadi pakavu, wala dereva asiendelee kuiwasha. Fundi wa kando ya njia atafungua plagi na kuikausha kwa dakika chache.

Bei ya ziara ya kundi dogo ni kati ya dola 25 na 60 hivi, chakula kikiwamo, na za skuta aina ya Vespa hupanda zaidi. Uliza mambo mawili kwa maandishi: je, kila mgeni ana dereva wake, na je, bima yao inamtaja abiria. Soma na bima yako ya safari, kwani nyingine huondoa pikipiki kabisa. Namba ya gari la wagonjwa ni 115.

Bakshishi si lazima. Dong 100,000 hadi 200,000 kwa dereva aliyekutunza ni shukrani nzuri. Itoe chini ya taa, kwa sababu noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu, na zikiwa mpya hugandana.