Mwalimu tarajali na msongo wa mawazo: yanayosemwa na yalivyo

"Kujiamini mbele ya darasa ni kipaji."
Sivyo. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu kuwa jambo fulani analiweza ina vyanzo 4: kulifanya likafaulu, kumwona mwingine akilifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi anavyoitafsiri hali ya mwili wake. Chanzo cha kwanza ndicho chenye nguvu zaidi, na ndicho kinachoharibiwa mapema mwanachuo wa ualimu, yaani mwalimu tarajali, anapotupiwa kipindi kizima siku ya kwanza. Somo likimvurugikia, anatoka na ushahidi kwamba hawezi. Afadhali aanze na dakika 10 za utangulizi, mwalimu mlezi amalizie. Siku nyingine asimamie kazi ya vikundi kwa dakika 20. Kipindi kizima kifuate baadaye. Chanzo cha pili nacho kina masharti yake. Kumtazama mkongwe anayefundisha bila hata kutoa jasho humsaidia kidogo kuliko kumwona mwanachuo mwenzake akikwama kisha akajinasua.

"Moyo ukienda mbio, ualimu haukufai."
Moyo kwenda mbio ni mwili kujiandaa. Aghalabu hutulia kazi ikishashika kasi. Dalili za kuogopwa ni zile za kuchoshwa kupita kiasi na kazi, alizozichambua mwanasaikolojia Christina Maslach: kuchoka kihisia, kuwaona watu kama mizigo, na kuona kazi yako haina tija. Hizo zikidumu wiki kadhaa na usingizi ukawa wa kukatikakatika, mshauri nasaha atafutwe mapema, mazoezi ya kufundisha yasisubiriwe yaishe.

"Anayejali hukesha na andalio la somo."
Anayekesha huamka na andalio zuri na subira fupi. Weka saa ya kufunga daftari. Kabla ya saa hiyo viwepo vitu 3: lengo moja linalopimika, kazi watakayofanya wanafunzi, na swali la kupima kama wameelewa. Mapambo ya zana yanaweza kungoja.

"Mwambie 'hongera, endelea hivyohivyo', inatosha."
Sifa ya jumla haina cha kushika. Anayejitilia shaka huiona ni huruma tu. Linganisha na hii: "Swali la pili ulilijibu mwenyewe papo hapo. La tatu ukasubiri kama sekunde 3, na mikono ikanyooshwa hadi dawati la nyuma. Kesho subiri hivyo kwa kila swali."